Simu Inayoona Upande Mmoja

Sehemu ya tano

Kabla sijaendelea, kuna jambo nimewaficha kwa wiki nne nzima, na leo nalitoa.

Mimi sijui kusoma.

Haya mnayoyasoma nayasema kwa mdomo. Kuna dada wa gazetini anayaandika, kisha namwomba anisomee. Akimaliza, nachukua karatasi ileile nampelekea mtu mwingine asiyemjua, naye anisomee. Dada wa gazetini hukasirika kidogo, anasema simwamini. Anisamehe tu. Mkifika mwisho wa sehemu hii mtaelewa ugonjwa huu niliupatia wapi.

Kwa aliyekosa wiki zilizopita: mimi ni mpiga pasi kwenye duka la dobi. Mume wangu alituacha miaka mitatu iliyopita akaenda kuanza nyumba nyingine, na habari ya mwisho niliyoisikia ni kwamba huko amezaa mapacha. Mwanangu ni mmoja tu, binti wa miaka kumi na nne. Hasikii tangu alipougua homa akiwa mdogo. Yuko shule ya bweni ya watoto viziwi, safari ya kutwa nzima kutoka hapa. Tunamwita Chiriku kwa sababu mikono yake haitulii. Akiwa na habari motomoto, kaa mbali asije akakupiga kibao bila kukusudia.

Naishi na wifi yangu, dada wa mume wangu. Simaanishi ile wifi ya intaneti, ingawa huyu naye akinuna nyumba nzima mawasiliano hukatika. Ndiye aliyekuwa akinisomea meseji za Chiriku kila Jumamosi, siku ambayo Matroni huwaazima watoto simu yake. Ndiye aliyekuwa akijibu kwa niaba yangu.

Tulipoishia, wifi alikuja dukani kwetu ameshika simu yangu ya batani. Ikamponyoka, ikazama kwenye beseni la wanga. Niliitoa inachuruzika uji mweupe, imekufa kabisa.

Haya. Tuingie sasa kwenye kununua nyingine.

Jumatatu ya wiki iliyofuata, Jumamosi moja ikiwa imeshapita sina simu, tulikwenda kwa Dokta baada ya kazi. Si daktari wa watu, ni fundi na muuza simu, ana kibanda cha mabati chenye feni moja inayomwangalia yeye tu. Pesa yangu niliifunga kwenye ncha ya leso. Nikaifungua mbele yake.

"Dokta, nina hii tu. Nipe kitakachonifaa."

Akaihesabu, akairudisha juu ya leso.

"Pesa hii inanunua simu mbili za batani, mpya, ziko kwenye maboksi yake. Au simu moja ya kugusa, iliyokwisha kuzeeka mikononi mwa watu."

"Batani," wifi akajibu kabla sijafungua mdomo.

"Si umwache mwenyewe achague, dada?"

"Huyu namjua. Anashinda kwenye mvuke, mikono haimkauki. Simu ya kugusa na mikono mibichi haviivi chungu kimoja. Bando la intaneti atalipa na nini? Chaji je? Ya batani unaichaji Jumapili, unaisahau mpaka Jumapili nyingine."

Kila alichosema kilikuwa kweli. Hilo ndilo balaa la wifi yangu. Mara nyingi husema kweli, kwa hiyo unazoea.

Dokta akaniwekea ya batani kiganjani. "Hii ina tochi, ina redio. Ikidondoka, iulize sakafu kama imeumia."

Tukacheka. Nilikuwa nimeshafunga mkono juu yake, bado kulipa tu.

"Unampigia nani sana?" akauliza, nadhani kwa kuzugia tu.

"Simpigii mtu. Ni meseji za mwanangu. Yuko shule, hasikii."

Dokta akaacha kutafuta chenji.

"Hasikii? Anaongea kwa mikono?"

"Kwa mikono."

"Sasa mama yangu, simu ya batani unamnunulia nani? Hiyo ni simu ya masikio. Chukua ya kugusa muonane. Yeye anaongea unamtazama, wewe unaongea anakutazama, kama mko jikoni kwenu."

Nilishawaona wateja wakiongea na picha za watu kwenye simu. Nilidhani ni anasa ya wenye nazo. Haikunijia hata siku moja kwamba kitu kile kilitengenezwa kwa ajili ya mtu kama Chiriku.

"Dokta, usimjaze mwenzio upepo," wifi akasema. "Meseji zinatosha. Mimi nipo, nitaendelea kumso..."

Akajikatiza. Alijua sitaki mtu ajue.

"Nitaendelea kumsaidia," akamalizia.

Nikamshukuru moyoni kwa kunisitiri. Mjinga mimi, nilimshukuru!

Siku hiyo sikununua kitu. Nilisema nitafikiria. Njia nzima wifi alikuwa akitembea hatua tatu mbele yangu.

"Ukinunua lile likioo lako," akasema tulipofika mlangoni, "usije ukaniomba nikusomee chochote. Mimi si mtumishi wako."

"Wifi, nataka kumwona mwanangu tu."

"Utamwona likizo."

Kesho yake, saa ya chakula, niliaga kazini kwamba naenda kununua vifungo vya shati la mteja. Nikaenda kwa Dokta peke yangu.

"Nilijua utarudi," akasema. Akatoa simu tatu za kugusa. Mbili akazirudisha palepale. "Hizi zimekuzidi. Inayolingana na leso yako ni hii."

Akaigeuza. Nyuma alikuwa amebandika kikaratasi, kimejaa maandishi ya kalamu.

"Mimi sipendi ugomvi na wateja. Kasoro yake nimeiandika hapo, ndiyo maana bei imeshuka. Soma kwanza. Ukiridhika, tufanye biashara."

Wasomaji wangu, hapa ndipo penye dhambi yangu.

Nilikisogeza kile kikaratasi karibu. Nikakipitishia macho kutoka kushoto kwenda kulia, nikachezesha midomo kidogo kama nionavyo wateja wakisoma risiti. Najua mtu huchukua muda gani kusoma mistari minne. Nimewachunguza watu miaka mingi. Nikaitikia kwa kichwa.

"Nimesoma."

"Na hujali?"

"Nijali nini, Dokta? Pesa yenyewe ndiyo hiyo."

"Lakini kwako wewe, kwa mambo yale ya mikono..."

"Nimesema nimesoma. Au unanionaje?"

Akanyoosha mikono juu. "Yaishe, mama."

Akakibandua kile kikaratasi, akakifinyanga, akakitupa.

Tukaijaribu. Akapiga picha ya feni yake, ikatoka safi. Akaingiza laini yangu, akaniwekea bando la wiki, akauliza namba ya Matroni. Namba hazinipigi chenga, kazi ya tiketi za nguo imenifundisha. Nikamtajia kwa kichwa. Akanionyesha pa kugusa: alama ya kijani, ya kamera.

Ile simu ilipopata mtandao ikalia. Ikalia tena. Ikalia mara ya tatu.

"Una meseji tatu," Dokta akasema. "Zilikuwa zinakusubiri hewani. Nikufungulie?"

Ningemwambia tu, Dokta, nisomee. Maneno mawili. Lakini dakika tano zilizopita nilikuwa nimemwambia najua kusoma, tena kwa ukali.

"Nitazisoma nyumbani," nikasema.

Nyumbani ningezisoma na nani? Wifi hakutakiwa hata kujua nimenunua. Niliificha simu dukani, kwenye mfuko wa koti moja ambalo mwenyewe hajalifuata mwaka wa pili huu, nikawa naichaji kwenye soketi ya pasi kila Bosi akitoka. Nikajipa moyo kwamba meseji zile ni za salamu na sabuni kama kawaida, na Jumamosi nitamwona mtoto mwenyewe, ataniambia kwa mikono yake. Zikakaa kwenye koti Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa.

Jumamosi ikafika. Bosi alipeleka mashuka nyumba ya wageni, nikabaki peke yangu na rundo la mashati. Nikamaliza moja: kola, mabega, mikono, mgongo. Nikachomoa pasi, nikasukuma mlango ukabaki wazi kidogo. Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Nikaisimamisha simu kwenye kopo la wanga, nikakausha vidole kwenye gauni, nikagusa alama ya kijani.

Ikaita. Uso wa Matroni ukajaa kwenye skrini.

"Nani huyo? Naona giza tupu."

"Ni mimi, Matroni. Mama Chiriku."

"Ala! Mama, sikuoni lakini nakusikia. Umefanya la maana kupiga. Binti yuko hapa chumba cha wageni, kajiandaa tangu asubuhi. Ngoja nimpe simu muagane, nifuate daftari la ruhusa ofisini."

"Muagane? Matroni, kwani..."

Sikumaliza. Dari ilipita kwenye skrini, mlango ukafungwa, na mwanangu akatokea.

Alikuwa amekua. Mashavu yamepungua, nywele amezibana vizuri, amevaa blauzi niliyompigia pasi mwenyewe likizo iliyopita. Nilisahau kila kitu. Nikainua mikono yote miwili nikamwambia, mwanangu, mwanangu, umekuwa mkubwa.

Akakunja uso. Akafuta simu ya Matroni kwa mkono wa blauzi. Akaonyesha: "Mama? Giza."

Nami nikafuta yangu. Nikaigonga. Nikapunga mkono mbele yake. Giza, akaonyesha tena, giza.

Ndipo kile kikaratasi cha Dokta kikasomeka. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilisoma maandishi, tena yakiwa yameshatupwa jaani. Simu ile ina kamera mbili. Iliyopiga feni ni ya nyuma. Ya mbele, ile inayomtazama mwenye simu, ilikuwa imekufa. Ningeweza kumwona mwanangu, yeye asingeniona.

Chiriku akatazama mlango, akatazama tena lile giza. Akaanza kuongea nalo. Alikuwa akifanya hivyo tangu mdogo, hata na paka.

"Kama ni wewe, nguo nimeshapanga."

Begi lake lilikuwa mezani, ubavuni kwake.

"Umeandika niende na baba. Baba anakuja saa nane. Nimekuuliza kama ni kweli. Nimekuuliza mara tatu. Hujajibu."

Mara tatu. Meseji tatu zilizokaa kwenye koti la mtu.

Akaweka kiganja kifuani, akakishusha taratibu. Ni alama yetu ya nyumbani, niliitumia mimi nikirudi kazini nimekwisha nguvu.

"Umenichoka?"

Niliita jina lake kwa sauti, kwelikweli niliita, duka zima likaitika. Ingesaidia nini?

Sikuwa nimeandika kitu. Nimwandikie nini mimi? Shule ina namba yangu kwenye daftari, na ujumbe ukitoka namba hiyo wanahesabu mzazi ndiye amesema. Nikamkumbuka wifi Jumamosi ile ya mwisho, kabla simu haijazama. Nilimwambia ajibu maneno matatu tu: mama anakupenda sana. Alibonyeza mpaka chai ikachemka. Nikamuuliza, mbona ndefu? Akasema, nimempamba kidogo. Na Jumatatu iliyofuata simu ikamponyoka, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akivunja hata kikombe.

Saa ya ukutani ilisema saba na dakika thelathini na nane.

Nikagusagusa alama za kwenye skrini mpaka kamera ya nyuma ikashika zamu, kisha nikaigeuza simu, ile kamera nzima initazame. Nikamwambia kwa mikono, usiende, usiende. Lakini sasa sikumwona yeye, nilikuwa naongea na mgongo wa simu. Nikaigeuza tena.

"Nimekuona!" alikuwa akionyesha, machozi na kicheko vimechanganyika. "Umepotea. Rudi. Sikuelewa."

Nikageuza, nikageuza tena. Ukisema huoni, ukiona huwezi kusema. Jasho lilinitoka kama vile niko kwenye pasi.

Pale dukani tuna kioo kirefu cha wateja wanaojaribu suti. Nilikitazama sijui mara ngapi kabla akili haijanijia. Nikavuta kigoda mbele yake, nikaisimamisha simu juu: mgongo wake umetazama kioo, uso wake unanitazama mimi. Kamera ya nyuma ikaniona ndani ya kioo. Kwenye kona ya skrini nikatokea, kidogo, na mashati ya watu yamening'inia nyuma yangu.

Chiriku akapiga makofi mara moja, akafunika mdomo.

"Usiende," nikamwambia. "Usiende na baba."

"Umeandika niende."

"Si mimi."

"Namba yako."

"Namba yangu. Si mimi."

Akavuta zipu ya begi mpaka nusu, kama anayetaka kutoa nguo, akasita.

"Kama si wewe, nani?"

Ili nimjibu hilo, ilibidi kwanza nitoe siri yangu.

Mjue kwamba mtoto huyu alikuwa akiniletea ripoti ya shule kila likizo. Nilikuwa nikiketi naye, naipitishia macho, naitikia kwa kichwa, namwekea kidole kwenye mstari wowote nionao mrefu na kumpongeza. Alikuwa akifurahi. Niliwaficha majirani, nilimficha Bosi, niliwaficha ninyi, lakini aliyeniuma zaidi kumficha ni yeye, maana kwa mtoto asiyesikia, maandishi ndiyo nusu ya dunia.

Hatukuwa na alama ya jambo hilo. Nikakunjua viganja viwili kama kitabu. Nikapitisha kidole juu yake. Nikajionyesha mimi, nikayaonyesha macho yangu, nikatikisa kichwa.

"Mimi. Kusoma. Hapana."

Alinitazama kwa makini, kama anatazama hesabu ubaoni.

"Hapana leo?"

"Hapana siku zote."

"Ripoti yangu?"

"Hapana."

Nilitegemea atalia. Hakulia. Akauliza polepole, kila alama peke yake.

"Meseji zangu. Nani anakusomea?"

Nikashika sikio, kwa sababu ya hereni kubwa. Hiyo ndiyo alama ya shangazi yake.

Mikono ile isiyotulia ikatulia. Sijawahi kuiona imelala vile, hata akiwa na homa. Kisha ikainuka.

"Siku ya damu ya kwanza," akasema. "Niliogopa. Nilikuandikia wewe. Wewe peke yako. Nani alisoma?"

Niliikumbuka siku hiyo. Wifi alinisomea kwamba mtoto anaomba madaftari. Nikatuma madaftari mawili, nikaona nimekuwa mama bora.

"Nilijibu nini?" nikamuuliza.

"Ulijibu, usinisumbue, niko kazini."

Nikapiga magoti mbele ya kile kigoda. Nikamwambia, mwanangu, nisamehe, sikujua, nilikuwa naona aibu. Aibu nilimwonyesha kwa kujifunika uso, na nilipoufunua uso tayari alikuwa hanitazami. Alikuwa anatazama mlangoni.

Akaichukua simu ya Matroni na kuilaza kifudifudi mezani.

Skrini ikawa nyeusi. Sikujua ananificha mimi nisionekane, au amechoka kunitazama. Mpaka leo nikiwaza alivyoilaza, haraka lakini bila kuibamiza, sipati jibu.

Lakini simu haikukatika. Sauti iliendelea kuja.

Mlango. Viatu vya kiume. Kiti kikaburutwa. Halafu sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka mitatu, inaongea na simu yake.

"Nimefika, dada. Yupo hapa mbele yangu, katoa macho... Ndiyo, begi liko mezani. Matroni kafuata daftari la kusaini... Ah, atajuaje? Si ulisema simu yenyewe uliizamisha?"

Nikashika mguu wa kigoda.

"Mke wangu kachoka na wale mapacha, dada, nyumba haikaliki. Huyu atafua, atapika, atabeba watoto... Shule ya nini tena? Kwani atakuja kuwa nani?... Eh? Amwambie nani? Bubu huyu! Hata nikimpiga, majirani watasikia nini?"

Akacheka. Wifi naye, nadhani, alikuwa anacheka upande wa pili.

Alikuwa anayasema hayo mbele ya mtoto mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kama mtu aongeavyo mbele ya kabati. Chiriku alikuwa amekaa hapo hapo, labda anamtazama midomo, labda baba yake alikuwa anatabasamu. Kati ya mama na mwana, aliyeyasikia yote ni yule aliye mbali kwa safari ya siku nzima.

Nikafungua mdomo kupiga ukelele. Nikajaza pumzi kifua kizima.

Nikaufunga.

Nikipiga kelele, Chiriku hasikii. Atakayesikia ni baba yake. Atainua simu, atagusa alama nyekundu ya kukata, na mimi sina namba nyingine ya shule zaidi ya hiyo. Ilinibidi ningoje Matroni arudi na daftari lake. Nikisikia tu sauti yake mle chumbani, ndipo nipasue koo. Nikavuta shati la mteja lililokuwa karibu, nikaliuma kola, nikasikiliza.

Sauti ya mume wangu ikasema, "Haya, nakupigia tukiwa njiani."

Kisha akagonga meza mara mbili kwa kiganja. Ndivyo tulivyokuwa tukimwita Chiriku akiwa mdogo, aisikie meza mikononi. Bado alikumbuka.

Kiti kikasogea. Kwenye korido, mbali, nilisikia nyayo za mtu, sikuweza kujua zinakuja au zinakwenda.

Halafu, karibu kabisa na simu, zipu ya begi ikalia. Ilianzia katikati ikaenda mpaka mwisho. Nikaliuma shati lile mpaka kifungo kikabaki mdomoni mwangu, maana zipu ikifungwa na ikifunguliwa, hulia vilevile.